Sura ya Tisa: Krismasi Inayonukia

Sikukuu huanza puani. Kengele ya kanisa haijalia, watoto hawajavaa nguo mpya, na tayari pilau ya jirani imekwisha kutangaza habari kitongoji kizima. Katika Kata ya Kiriba, Wilaya ya Musoma, mabadiliko haya huwezi kuyakosa, maana siku nyingine za mwaka upepo unaotoka ziwani huja na harufu ya dagaa walioanikwa. Asubuhi ya Desemba 25 upepo ni uleule, ila sasa umebeba mdalasini, karafuu, iliki na vitunguu vinavyokaangwa.

Ukiingia sebuleni utakuta mapambo ambayo hayana habari na hayo yote. Maputo, karatasi za kumetameta, nyota za plastiki, pengine na mti wa plastiki uliobebwa kwenye basi kutoka Mwanza na ndugu anayerudi nyumbani. Sina ugomvi na maputo; watoto wanayapenda na bei yake ni ndogo. Ila hayanukii, na ikifika Mwaka Mpya yameshakuwa takataka. Ilhali vile viungo vilivyoingia kwenye pilau, ambavyo kila duka la kijijini huviuza kwa vipakiti vilivyoning'inizwa mlangoni, vinaweza kuwa pambo linalodumu miaka.

Pwani wanaujua utaalamu huu tangu zamani. Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, mwanamke anayekwenda arusini huvaa kikuba: asumini, mrehani, waridi na vipande vya mkadi vilivyofungwa pamoja kwa uzi, vikabanwa kwenye nywele au kifuani. Asumini hutungwa pia kuwa koja la kuvaa shingoni. Ni pambo na ni manukato kwa mpigo mmoja, na mbele ya kikuba kilichofungwa vizuri chupa ya marashi ya dukani huona haya. Lakini kikuba ni cha siku moja. Kesho yake maua yamesinyaa na rangi imegeuka hudhurungi. Atakaye kitu cha kudumu inambidi aache maua, aende kwenye viungo vilivyokauka, na hapo mfalme ni karafuu.

Karafuu tunaiona kama mali ya Zanzibar, na kwa haki, lakini asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Ilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sultani Sayyid Said akahimiza ipandwe kwa wingi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mashamba ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo inayobeba zao hili. Huko Maluku kwenyewe, mafundi wa Ambon walikuwa wakitengeneza merikebu ndogo kwa karafuu tupu: karafuu zimetungwa moja baada ya nyingine hadi zikafanya ubavu wa chombo, tanga, makasia, hata wapiga makasia. Waholanzi walizinunua kama kumbukumbu, na baadhi zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya kwao hadi leo. Nazitaja kwa sababu sijaona pambo linalofaa zaidi vijiji vya Bwai, hapo Kiriba, kuliko mtumbwi wa karafuu. Mtoto aliyekulia mwaloni anajua umbo la mtumbwi kuliko anavyojua umbo la nyota ya ncha tano, na theluji hajawahi kuiona.

Ulaya nao walikuwa na lao. Katika zama za tauni, watu wenye uwezo walitembea na vidude vya fedha vilivyotobolewa matundu, ndani mna ambari na viungo, wakiamini harufu nzuri inafukuza ugonjwa. Ambari hiyo sehemu yake ilitoka huku kwetu. Al-Masudi, msafiri Mwarabu wa karne ya 10, aliandika juu ya ambari ya nchi ya Zanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki, na jinsi ilivyosifika. Asiye na fedha ya kununulia ambari alichukua chungwa akalichoma karafuu, na hilo ndilo lililodumu. Hadi leo, katika nyumba nyingi za Uingereza na Marekani, chungwa la karafuu ni sehemu ya Krismasi.

Kulitengeneza si kazi ya fundi. Chukua chungwa gumu lenye ganda nene, toboa ganda kwa sindano nene ya kushonea magunia, kisha sukuma karafuu nzima ndani mpaka kichwa tu kibaki nje. Usitumie karafuu yenyewe kutobolea. Itavunjika na kidole kitakuuma siku mbili. Chungwa la wastani humeza karafuu zaidi ya mia ukilijaza lote. Likishajaa, ligaragaze kwenye mdalasini wa unga uliochanganywa na ubani uliopondwa. Ubani hapa una kazi maalumu: utomvu hushikilia mafuta ya viungo yasipeperuke upesi. Weka chungwa kwenye mfuko wa karatasi, mahali pakavu penye hewa, uwe unaligeuza kila siku. Litapungua, litakuwa jepesi na gumu, na likigongwa mezani litalia ko!

Linalozuia lisioze ni karafuu. Asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa karafuu nzuri ni mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, ileile inayokupa ganzi ukiitafuna jino likiuma. Yujenoli huzuia kuvu. Palipo na karafuu, kuvu haipati nafasi. Palipoachwa pengo kubwa, hapo ndipo doa la kijani huanzia. Kwa hiyo yale machungwa ya picha, yenye mistari miwili mitatu ya karafuu na ganda tupu katikati, ni mazuri kwa kutazamwa wiki moja tu. Mimi huona ndimu inafaa zaidi. Ni ndogo, hukauka haraka, inataka karafuu chache, na hukauka ikiwa na ukubwa wa kishada cha kuning'iniza dirishani.

Sasa tufike kwenye tatizo lenyewe, ambalo vitabu vya kigeni havikuambii kwa sababu kwao halipo. Maelekezo yao husema anza wiki chache kabla ya Krismasi. Kwao Desemba ni baridi, nyumba zimefungwa na zinapashwa moto, hewa ya ndani inakuwa kavu kiasi cha kupasua midomo. Chungwa likikaa juu ya kipasha joto linakauka lenyewe. Kwetu mkoani Mara, Desemba ni mwezi wa vuli. Mvua inanyesha, ziwa liko pale, chumvi kwenye kopo imelowa na nguo zilizofuliwa jana bado zina unyevu. Ukifuata kalenda ya Wazungu utapata chungwa lililoota manyoya.

Jibu ni kubadili kalenda. Kuanzia Juni hadi Agosti, mkoani Mara, jua ni kali na hewa ni kavu. Ndio wakati wa kuanika mihogo, na kila mwenye akili anaanika kila kitu. Mapambo ya Krismasi yatengenezwe Julai, yakauke kabisa, yafungiwe kwenye mkebe wenye kifuniko kinachobana, yangoje. Mkebe wa maziwa ya unga unatosha. Harufu inapofungiwa haiendi popote. Inazidi kukolea, na siku ya kuufungua nyumba nzima itajua.

Kalenda ikishakaa sawa, tugeukie mapambo ya kukandwa, na hapo tubadili na unga. Pambo la viungo linalopendwa sana Marekani hufanywa kwa mdalasini wa unga uliokandwa na tufaha lililopikwa likapondwa. Utomvu wa tufaha ndio gundi. Tufaha huku ni tunda la kununua mjini kwa bei ya kukufanya ufikiri mara mbili, na kulikanda kwenye mdalasini ningeona ni dhambi. Wengine hutumia unga wa ngano na chumvi, na mtandaoni huo ndio unaosifiwa. Kando ya ziwa usiuguse. Chumvi huvuta maji hewani pindi unyevu unapopanda. Pambo lililokuwa gumu Julai litaanza kutoka jasho Novemba, na Krismasi litakuwa limelegea na kudondoka kwenye uzi wake.

Kiriba ina muhogo, na muhogo una wanga unaoshika kuliko huo wote. Tahadhari moja tu: usitumie unga wa udaga. Udaga ni muhogo uliovundikwa kabla ya kuanikwa, na ule uchachu tunaoupenda kwenye ugali utapigana na mdalasini hadi mwisho wa dunia. Tumia unga wa makopa, yaani muhogo mtamu uliomenywa na kuanikwa bila kuvundikwa. Kama unataka kazi safi zaidi, toa wanga mwenyewe. Paruza muhogo mbichi, tia maji, kamua kwa kitambaa, acha maji meupe yatulie saa chache. Chini itakaa tope nyeupe inayoteleza vidoleni. Mwaga maji ya juu, anika ile tope juu ya sahani. Ikikauka inavunjika kuwa unga laini.

Chukua vijiko viwili vikubwa vya wanga, koroga kwenye maji baridi kikombe kimoja, bandika kwenye moto mdogo ukiendelea kukoroga. Kwa muda utaona maji meupe tu, utadhani umekosea kipimo. Kisha ghafla, kabla hata hayajachemka, yatageuka kuwa uji mzito unaopitisha mwanga, unaong'ang'ania mwiko. Epua. Ukipoa kiasi cha kushikika, anza kumimina unga: mdalasini wa unga kikombe kimoja, unga wa makopa kikombe kimoja, karafuu ya unga vijiko viwili vya chai. Usimimine wote mara moja. Kanda, ongeza, kanda, mpaka donge liwe gumu kuliko la chapati na lisigande mkononi. Likipasuka pembeni unapolisukuma, chovya vidole kwenye maji ukande tena.

Viungo vitwange nyumbani kwa kinu kilichooshwa na kukauka. Usivipeleke mashineni, utarudi na nusu yake, na mteja atakayesaga mahindi baada yako atakula ugali wa mdalasini. Magome ya mdalasini yanayouzwa Tanzania Bara hutoka sana milima ya Usambara Mashariki na Uluguru, mengine Zanzibar. Chagua yanayonukia ukiyavunja. Kama hayanukii yakivunjwa, hayatanukia yakiwa unga.

Sukuma donge kwa unene wa nusu sentimita. Likiwa jembamba zaidi hujikunja linapokauka, likiwa nene zaidi ndani hubaki bichi. Kata maumbo kwa kisu cha ncha kali: mtumbwi, sato, ng'ombe, kuku, kibuyu, hata nyota ukipenda. Kwa duara, kifuniko cha chupa au kikombe cha kahawa. Toboa tundu la uzi kwa mrija wa soda, maana tundu la njiti litajifunga donge linaposinyaa. Mtumbwi unaweza kuuchomeka karafuu nzima ubavuni kabla haujakauka, ukawa na wapiga makasia wake kama merikebu za Ambon.

Kukausha ndiko kunakotenganisha waliofanikiwa na waliolalamika. Siku ya kwanza weka kivulini, kwenye ungo au juu ya chandarua kikuukuu kilichofuliwa na kuwambwa kwenye fremu, upepo upite juu na chini. Geuza asubuhi na jioni. Ukianza na jua kali, ngozi ya nje inakauka kabla ya ndani na pambo linapasuka. Siku ya pili na ya tatu ndipo ulipeleke juani. Chanja cha dagaa, naomba, kiache na dagaa wake. Mafuta ya samaki huingia kwenye unga na hayatoki, na hakuna mgeni atakayekushukuru kwa nyota ya Bethlehemu inayonuka mwalo.

Yuko adui mwingine. Anayeanika muhogo mkoani Mara anamfahamu dumuzi, yule mdudu mweusi mdogo aliyeingia Tanzania kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 akitokea bara la Amerika, na ambaye wakulima walimpa jina la Scania kwa jinsi anavyokokota mzigo wote. Hula mahindi na makopa akaacha vumbi. Pambo la muhogo kwake ni chakula kama chakula kingine. Hapa karafuu inafanya kazi ya pili: yujenoli ni sumu kwa wadudu wa ghalani, dumuzi akiwemo. Ndiyo maana kwenye kipimo nilichotoa sikuifanya karafuu kuwa ya hiari. Anayeiacha ili kupunguza gharama asishangae akifungua mkebe Desemba akakuta unga.

Yujenoli hiyohiyo imo pia kwenye baadhi ya mimea ya jamii ya kivumbasi, ambayo wengi huing'oa wakati wa palizi wakidhani ni magugu. Kivumbasi kimetumika vijijini tangu enzi kwa kuchanganya na nafaka na kufukuza mbu. Mwaka 2002 watafiti waliofanya kazi upande wa Kenya wa ziwa hili walichapisha matokeo ya jaribio la mimea hai iliyowekwa kwenye vyungu ndani ya nyumba za majaribio. Aina moja ya kivumbasi ilipunguza kuumwa na mbu wa malaria kwa karibu asilimia 40. Chandarua kinabaki palepale, asilimia 40 si kinga ya kukufanya ukiache. Lakini shada la kivumbasi kilichokauka nusu, lililofungwa kwa uzi wa katani na kutundikwa mlangoni pamoja na vishada vya mkaratusi, linapendeza, linanukia, na mbu wa vuli hawalipendi. Mchaichai nao usiusahau. Majani yake yakisinyaa siku moja kivulini huwa laini, unaweza kuyasuka ukili na kuyazungusha kuwa pete ya mlangoni. Ukiyasuka mabichi yatalegea yakikauka. Ukingoja yakauke yatakatika.

Bunda na Butiama wana kitu ambacho wavuvi hawana, nacho ni pamba. Kiganja cha pamba kilichofungwa ndani ya kipande cha kitenge pamoja na karafuu tatu nne, kipande cha mdalasini na ganda la limau lililokauka, ni pambo tosha. Fundi cherehani yeyote ana gunia la vipande chini ya meza yake na atakupa bure, hasa kabla ya msimu wa nguo za sikukuu kumchanganya akili.

Wapo watakaouliza kama haya yana uhusiano wowote na Krismasi ya kanisani, au ni anasa tu. Waulizaji hao wafungue Injili ya Mathayo: zawadi mbili kati ya tatu za mamajusi, uvumba na manemane, ni tomvu za kunukia. Kanisa Katoliki halijaacha kufukiza ubani, na Mara desturi hiyo si ngeni. Nyegina, misheni iliyoko huko huko Musoma Vijijini, ilifunguliwa na Wamisionari wa Afrika mwaka 1911, na ndiko Julius Nyerere alikobatizwa Desemba 1943. Na miti ya ukoo wa manemane si ya kuifuata Uarabuni tu. Ukitoka Bunda kuelekea Serengeti unaipita porini, yenye miiba na magome yanayobanduka, na hakuna anayegeuka kuitazama.

Upande wa Majita Wasabato ni wengi, na kwa baadhi yao Desemba 25 haina uzito wowote. Mapambo haya hayana dini. Yatundike kwenye arusi, kwenye ugeni, siku ya Idd. Idd hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, hivyo mwenye mkebe uliojaa tangu Julai hashikwi bila maandalizi.

Maonyo machache. Mapambo ya muhogo na mdalasini yanafanana mno na biskuti, na mtoto wa miaka miwili hatakuuliza, yatundike juu. Mafuta ya karafuu ya chupa, tofauti na karafuu nzima, ni hatari kwa mtoto mdogo akiyanywa hata kidogo, kwa hiyo usiyatumie kuongeza harufu nyumbani kwenye watoto. Usitundike chochote karibu na mshumaa au koroboi. Na kama una mbuzi, funga mlango.

Baada ya Mwaka Mpya yashushe, yafute vumbi, uyaweke kwenye sanduku la nguo ambako yatafukuza nondo, au uyarudishe kwenye mkebe. Harufu ikififia, sugua juu kidogo kwa msasa, paka mdalasini mpya, nayo itarudi. Ndimu za karafuu zilizokauka vizuri hudumu miaka kadhaa. Za Krismasi ijayo, nunua viungo Juni na uanze kuanika Julai.